Goma, Kongo: watu 9, mbabula (jiko la makaa) moja, paa moja. Tupunguze wapi kwanza, makala (makaa) au maji?

mama_majengo

Jambo ndugu zangu wote. Naomba msaada wa wanaojua hesabu za nyumba. Kwenye avenyu yetu tumepatana, nyumba kumi, kila moja ipime inachokula kwa wiki mbili. Ninayoulizia ina watu 9, wakubwa 4 na watoto 5. Vipimo ni hivi: makala kilo 3 kwa siku, maji bidoni (madumu) 9 za lita 20. Paa ni la mabati, mita 6 kwa 8. Mbabula ni ile ya bati tupu. Maharagwe mara nne kwa wiki, bugali kila siku, sombe (kisamvu) mara mbili. Chini ni jiwe la lava, hakuchimbiki.

Pesa iliyopo ni ya kitu kimoja tu kwa sasa. Kuna wanaotaka mbabula bora, kuna wanaotaka tangi la mvua, kuna wanaotaka makala ya kutengeneza kwa vumbi la makala. Na kuna muzee mmoja anayesema yote hayo ni kazi bure kama watu wanaendelea kuongezeka hivi. Nipeni namba, nisiwarudie majirani na maneno matupu.

fundi_ndosho

Mama, aksanti kwa kupima kwanza. Kilo 3 kwa watu 9 si ajabu kwa mbabula ya bati, lakini nusu yake inatosha, na kuokoa sehemu kubwa ya nusu ile nyingine hakudai hata franka moja. Tuanze na maharagwe, maana ndiyo yanayomaliza gunia.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji huchemka kwa nyuzi 95, si 100. Yakishafika hapo hayapandi tena hata uyawekee moto wa kuchomelea chuma. Yanageuka mvuke tu. Kosa la msingi ni hilo. Mpishi anaona maharagwe bado magumu, anaongeza makala, sufuria inatokota kwa kishindo, na joto la maji ni lile lile 95. Kilichoongezeka ni mvuke.

Sasa namba. Kilo 1 ya maharagwe na lita 3 za maji zinahitaji kama megajuli 1.3 kufika kwenye mchemko. Kilo ya makala makavu ina megajuli 29 hivi, ila mbabula ya bati hufikisha sufuriani sehemu moja kwa tano. Kwa hiyo kuchemsha kunakula gramu 220. Lakini kila lita inayopotea kwa mvuke hubeba megajuli 2.26, yaani gramu 390 za makala. Pika saa tatu bila kifuniko, ongeza maji mara mbili tatu, na umechoma karibu kilo nzima kupasha hewa ya uani. Lita moja ya mvuke inakugharimu karibu mara mbili ya kuchemsha sufuria yote!

Basi fanyeni hivi kabla ya kununua chochote. Loweka maharagwe usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji yale. Funika sufuria na weka jiwe juu ya kifuniko. Yakianza kuchemka punguza hewa ya chini mpaka usikie mchemko mdogo tu. Nyanya tia mwishoni, kwa sababu ukali wake hukaza maharagwe. Na msinunue maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu kwa sababu tu bei ni nafuu: yanagoma kuiva, na unalipa tofauti ile kwenye makala.

Hatua ya pili ni kapu la joto. Chukua kapu au katoni kubwa, jaza pande zote na chini majani makavu ya ndizi au vitambaa, unene wa sentimita 10 baada ya kushindilia, na shona mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kweli kwa dakika 30 hadi 40, hamisha sufuria upesi bila kufunua kifuniko, yaache saa 3 au 4, kisha yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Kapu hushindwa kwa sababu mbili: sufuria imejaa robo tu, haina uzito wa kutunza joto, au mtu anafunua kila mara kuchungulia.

Na hili nalisema kwa msisitizo: maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli. Kapu peke yake haliiharibu. Ukiyaingiza yakiwa ya moto tu bila zile dakika 30 za mchemko, nyumba nzima itatapika.

Kama pesa ni ya kitu kimoja, kwa mji huu wa juu mimi ningesema sufuria ya presha. Inapandisha joto kupita nyuzi 110, na hapo lile tatizo la 95 linakwisha. Kwa maharagwe usijaze kupita nusu, maana povu na maganda huziba tundu la mvuke. Angalia mpira wa kifuniko kila wiki. Ukikauka na kupasuka, mvuke unatoka pembeni na sufuria haishiki presha tena.

chukudu_birere

Fundi kasema kweli kuhusu maharagwe, ila asiidharau mbabula yenye udongo ndani. Ya bati hufikisha 20 kwa 100 ya joto, yenye udongo uliochomwa vizuri inafika 30. Chakula kile kile kinakula theluthi mbili ya makala, na inasaidia kwa bugali na sombe pia, vitu ambavyo haviendi kwenye presha kila siku.

Zinavyoharibika: mtu anamwaga maji kwenye udongo ukiwa mwekundu, unapasuka. Au anawasha moto mkali siku ya kwanza. Siku tatu za mwanzo washa moto mdogo. Au anaijaza mpaka juu kama alivyozoea ile ya bati, sufuria inakalia makala yenyewe, hewa haipiti, moto unazimika katikati. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya makala na sufuria. Mlango wa hewa uwe wazi wakati wa kuwasha, nusu ukishachemsha. Na chakula kikiiva, yale makala yanayobaki yatieni kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko yafe kwa kukosa hewa. Kuyazima kwa maji ni kulipa tena kesho kuyakausha.

Kuhusu makala ya vumbi, yanawezekana kabisa. Sokoni kwenye magunia hubaki vumbi na vipande ambavyo havinunuliwi. Kwa kilo 10 za vumbi lililochekechwa chukua gramu 600 za unga wa muhogo, koroga kwenye lita 1 ya maji baridi, mimina kwenye lita 4 zinazochemka, uwe uji mzito unaong'aa. Changanya na vumbi mpaka ukifinya mkononi linashikana bila kudondosha maji. Kandamiza kwenye kipande cha bomba au kopo lililotobolewa, kausha juani siku 3 hadi 5 ukigeuza.

Tatizo la Goma ni mchanga mweusi wa volkeno. Rangi ni moja na vumbi la makala, jicho halitofautishi. Chota kiganja kimoja, tia kwenye ndoo ya maji, koroga: makala mengi yanaelea, mchanga unazama papo hapo. Ukiona chini umelala mchanga mwingi, achana na vumbi hilo. Makala yake yatawaka nje tu, ndani yabaki jiwe, na majivu yatajaza mbabula. Wengine hutumia udongo badala ya muhogo kwa sababu ni bure. Udongo haushiki moto. Kadiri unavyozidi, joto linashuka. Na ambayo hayakukauka yanatoa moshi na kusambaratika.

muuguzi_katindo

Samahani nawakatiza hapo kwenye makala, kwa sababu haya yanaua na hayajatajwa. Mbabula, ya bati au ya udongo, na makala ya vumbi yanayowaka polepole usiku, hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Isilale ndani na watu, hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata kama moto unaonekana umekwisha.

Sisi wa Goma tunajua mazuku, na hapo ndipo watu hukosea. Mazuku ni kaboni dioksidi ya volkeno, nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni na mabondeni, kwa hiyo mtu hujifunza kupanda juu. Gesi ya mbabula haikai chini. Ina uzito unaokaribiana na wa hewa, inajaa chumba chote, na aliye juu ya kitanda hufa sawa na aliye kwenye mkeka. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu wawili au zaidi chumba kimoja: toeni wote nje kwanza, maswali baadaye.

Sasa lile neno la muzee. Ana haki yake, tusimpuuze. Nchi yetu ya Kongo ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984, ikapata takribani milioni 30. Leo makadirio ya Umoja wa Mataifa yamepita milioni 100. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka maana yake idadi inarudufu kwa miaka 22: gawanya 70 kwa 3.2 uone.

Lakini haifuati kwamba mbabula bora ni kazi bure. Wazazi wa miaka ishirini ijayo wameshazaliwa, wako shuleni sasa. Hata kila mwanamke akizaa wawili tu kuanzia leo, idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa kwa sababu vijana ni wengi kuliko wazee. Miaka hiyo watu watapika, na watapika kwa kitu fulani. Tena sehemu ya watu wa Goma haikuletwa na uzazi. Imeletwa na vita vya Masisi na Rutshuru. Mtu aliyekimbia na watoto wake huwezi kumhesabia kosa la kuzaa.

Kitu kingine muzee akihesabu: makala hayafuati vichwa, yanafuata sufuria. Sufuria ya watu 9 haili mara tatu ya sufuria ya watu 3. Nyumba hiyo ikigawanyika kuwa tatu, watu ni wale wale 9 lakini makala yanapanda sana. Kwa hiyo mnapopima avenyu, hesabuni watu na mbabula pia.

Kwa uzazi wenyewe, kinachosaidia ni nafasi. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi isiyopungua 24 kati ya kujifungua na mimba inayofuata. Kunyonyesha kunakinga, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu bila uji wala maji, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, kinga imekwisha; mama wengi hupata mimba hapo wakidhani bado wako salama. Zaidi ya hapo kuna sindano ya miezi 3, vijiti vya mkononi vya miaka 3 au 5, na kitanzi cha shaba cha miaka 10 na zaidi. Haya mama na baba wayazungumze pamoja na muuguzi wa karibu nao, si kwenye mkutano wa avenyu.

maji_himbi

Mimi niseme maji tu. Bidoni 9 kwa watu 9 ni lita 20 kila mmoja kwa siku. Hapo hamna cha kupunguza, mama, hicho ni kiwango cha chini cha kuishi kwa usafi. Swali ni maji yapi kwa kazi ipi.

Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 inakupa 48 × 10 × 0.8, yaani lita 384; ile 0.8 ni kwa sababu sehemu hurukia nje na nyingine hukauka kwenye bati. Kwa mwaka, ukichukua mvua ya Goma kuwa takribani milimita 1,200, ni lita 46,000. Nyumba inahitaji 65,700. Kwa hiyo paa linaweza kubeba kama asilimia 70, kama lingekuwa na tangi kubwa, ambalo hamna. Msijaribu kuhifadhi yote. Hifadhini ya kunywa na kupikia: lita 5 kwa mtu, watu 9, siku 60 za kiangazi cha Juni na Julai, ni lita 2,700. Tangi la 3,000 linatosha. Kufua na kuoga, endeleeni na ya ziwa.

Maji ya kwanza yasiingie tangini. Bati hapa lina vumbi la barabara na mara nyingine jivu la Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno. Tupa lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani 48 kwa paa hili. Mafundi wengi hufunga mita moja ya bomba la 110 na kusema limekwisha. Mita hiyo hubeba lita 8 na nusu, haifiki popote! Tumieni pipa dogo la lita 60: maji ya mfereji yaingie humo kwanza, likijaa ndipo yapite juu kwenda tangini. Chini ya pipa weka tundu dogo linalodondosha, lijimwage lenyewe kabla ya mvua ijayo. Tundu hilo huziba kwa jivu. Lichokoeni kila wiki. Mfereji uteremke sentimita 1 kwa kila mita.

Kuhusu dawa ya klorini, kuna jambo watu wa ziwa wanapaswa kulijua. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) karibu 9. Kwenye pH 7, robo tatu hivi ya klorini iko katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu; kwenye 9 inabaki kama 3 kwa 100 tu. Kwa maji ya mvua nusu saa inatosha. Kwa ya ziwa subirini saa moja na zaidi, au tieni dawa hiyo kwenye maji ya mvua na kuchemsha ya ziwa. Kipimo kwa bidoni ya lita 20 ya maji angavu ni mililita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 5, au kidonge kimoja cha miligramu 67. Yakiwa na tope, chuja kwanza. Mji uliopitia kipindupindu cha 1994 haupaswi kukisia dozi.

Jambo la mwisho, floridi. Moshi wa Nyiragongo huchanganyika na mvua, na upande wa magharibi wa mlima, kama Rusayo, matangi yamekutwa yakiwa na floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua. Mlima ukitoa moshi mwingi kuelekea kwenu, mvua za siku hizo ziende kwenye kufua.

mkulima_sake

Nimesoma yote, nakubali mengi, lakini mmemwacha mwenye mti. Makala hayaanzii sokoni. Tanuri ya udongo ya kawaida hutoa kilo 1 ya makala kwa kilo 8 hivi za mti mkavu. Kilo 3 kwa siku ni kilo 24 za mti, tani 8.8 kwa mwaka. Hekta nzuri ya mikaratusi tukiikadiria tani 10 kwa mwaka, nyumba hiyo moja inahitaji karibu hekta nzima. Nani Masisi ana hekta ya kuipa kila nyumba ya Goma? Ndiyo sababu magunia mengi yanatoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyolindwa tangu 1925.

Kwa hiyo tanuri ina uzito sawa na mbabula. Mti ukikaushwa wiki nne badala ya kuchomwa mbichi, ukapangwa ukibanana, vipande vidogo vikijaza mapengo, na tanuri ikawa na bomba la moshi, unafika kilo 1 kwa 5, na mchomaji hodari chini ya hapo. Moshi mweupe ni maji yanatoka. Ukigeuka wa manjano, kaza udongo. Ukiwa wa bluu mwembamba, ziba matundu yote saa ile ile. Ukichelewa makala yanageuka jivu. Wanaotaka kupanda, nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inatoa miti 1,600 kwa hekta, inakatwa kuanzia mwaka wa 6 na kuchipua tena. Mradi wa EcoMakala wa shirika la mazingira WWF ulihimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kwenda njia hiyo. Ila msipande mikaratusi kando ya chemchemi, inakunywa sana.

Na umeme mmeusahau. Tangu 2015 kituo cha Matebe kule Rutshuru kinazalisha, na laini zake zinafika Goma. Kilo ya makala kwenye mbabula ya bati huleta sufuriani joto sawa na uniti (kilowati-saa) 2.4 hivi kwenye jiko la sahani. Zidisheni bei ya uniti yenu kwa 2.4: ikiwa chini ya bei ya kilo ya makala, pikieni umeme. Sufuria ya presha ya umeme ni nafuu zaidi, kilo ya maharagwe haimalizi uniti moja. Lakini waya uwe wa milimita za mraba 2.5, moja kwa moja kutoka kwenye boksi la fyuzi. Sio rallonge (waya wa kuongezea) ya taa.

mama_majengo

Aksanti sana, baba na mama zangu. Nimeelewa hivi: kuloweka, kifuniko na kapu waanze leo, pesa inunue sufuria ya presha, mbabula ya udongo ifuate, na tangi mwisho. Maji_himbi, swali moja: nyumba ya pili ina tangi la plastiki la lita 1,000, limepasuka chini kabla ya mwaka kwisha, nao wanamlaumu muuzaji. Limekalishwa juu ya mawe ya lava yaliyosawazishwa kwa nyundo.

maji_himbi

Tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye hayo mawe, mama. Lita 1,000 ni tani moja, na jiwe la lava likisawazishwa kwa nyundo bado lina ncha. Plastiki inalala juu ya ncha tatu nne, kila tangi likijaa na kupungua inapinda pale pale mpaka inachanika. Wajenge kitako cha mawe na simenti, kipana kuliko tangi kwa sentimita 10 kila upande, juu wapake zege la sentimita 7 lililolainishwa, na waliache wiki moja wakilimwagia maji kabla ya kukalisha tangi. Kitako kiinuke sentimita 50 ili bidoni ipite chini ya robine (bomba la kufungulia maji). Mahali bomba linapotokea waweke kipande chenye kunyumbulika, kwa sababu hapa ardhi hutikisika, na bomba gumu huvunjikia kwenye shingo ya tangi.

Lile lililopasuka wasilitupe. Likikatwa juu ya ufa, kipande cha juu kikigeuzwa na mdomo wake ukizibwa vizuri kinafaa kulowekea nguo.